Gari ya Kimya na Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Kabla ya hii gari nilikuwa na pikapu ya dizeli ambayo Garissa yote iliijua kwa sauti. Nikitokea upande wa daraja la Tana, mke wangu aliisikia akiwa nyumbani mtaa wa Galbet, akaweka chai jikoni. Chai ilichemka, ikapoa, ikachemshwa tena, na mimi bado sijafika. Hiyo pikapu ilikuwa na kelele ya lori, mwendo wa kobe, na ilikunywa dizeli kama vile harusi inakunywa soda.

Siku wazee wetu walienda Modogashe kuniposea mke, dereva alikuwa mimi mwenyewe. Nilitaka waone mkwe mtarajiwa ana gari. Pikapu ikafa njiani, mahali hata mti wa kivuli hakuna, ni vichaka vya kufika kiunoni tu. Wazee walikaa chini ya pikapu kama mbuzi, kanzu zao nyeupe zikapata oili, mwisho wakaokolewa na lori la vitunguu. Waliingia kwa mama mkwe wakinuka vitunguu kutoka kofia mpaka ndara. Yule mama ni mfanyabiashara wa ngamia tangu ujana wake, haongei sana, lakini siku hiyo aliongea. Alisema, "Gari ya huyu kijana imekufa akija. Akiondoka na binti yangu itakufa tena." Alikubali ndoa kwa sababu binti alikuwa amekubali kabla yake. Ile sentensi ya gari hakuwahi kuifuta.

Nikanunua haibridi.

Wacha niseme ukweli, sikuinunua kwa akili. Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Sura ya umeme kwenye fizikia ilikuwa ifundishwe muhula wa mwisho, na mimi nikatoka kabla umeme haujafika. Kwa hivyo nilipoambiwa kuna gari ya injini mbili, moja ya petroli na moja ya umeme, nilifikiri ni kama spea tairi, ile moja ikiharibika unatoa nyingine kwa buti.

Siku ya kwanza nilikaa ndani nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka kwa dashibodi, basi. Hakuna mtetemo, hakuna kikohozi. Nikabonyeza tena, taa ikazima. Nikabonyeza tena. Jirani zangu walikuwa wamesimama langoni kunipongeza na mimi najifanya narekebisha kioo. Mwisho nikampigia yule aliyeniuzia kule Mombasa.

"Ndugu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "umeniuzia gari bila injini."

"Taa inasema iko tayari?"

"Inasema. Lakini inasema uongo."

"Weka gia, kanyaga mafuta, halafu unipigie."

Nikakanyaga. Gari ikaondoka kimya kama paka anayetoka jikoni na nyama. Nilipiga kelele kidogo, na jirani zangu wamenikumbusha mpaka leo.

Tangu hapo nimeipenda hii gari kuliko heshima yangu inavyoruhusu. Barabara za mji wetu ni za kusimama na kuondoka. Kuna mikokoteni ya maji, kuna punda amelala katikati ya lami anafikiria maisha, kuna mbuzi wanakula katoni mbele ya duka kama wako mkahawani. Pikapu ilikuwa ikisimama kwa ajili ya punda inaendelea kunywa dizeli. Hii ikisimama inazima injini yenyewe, inakaa, inangoja punda amalize mawazo yake. Ukikanyaga breki, ile nguvu ambayo zamani ilikuwa inapotea kwa joto la breki inarudi kwa betri. Kuna kioo kidogo kwa dashibodi kinakuonyesha mishale, huku inatoka, huku inarudi. Wiki za kwanza niliangalia mishale kuliko barabara, na ukuta wa msikiti mmoja una alama yangu. Kijana wa kituo cha mafuta aliniuliza siku moja kama nilikuwa nimesafiri, mbona sionekani. Nikamwambia niko, ni kiu tu imepungua.

Shida ilikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Yeye naye akanunua haibridi, lakini ya kampuni nyingine. Tukawa maadui wa kila asubuhi, kwa chai, nyuma ya soko la mifugo.

"Kampuni yenu ilitangulia, sikatai," aliniambia. "Hata punda alitangulia lori kubeba maji. Leo nani anamsifu?"

"Punda bado anabeba maji, seedi," nikamwambia. Seedi ndiyo tunaitana sisi shemeji kwa shemeji. "Hilo lori lako liko wapi?"

"Yetu ikiwa kwa lami haibadilishi sauti. Yako ikipanda kilima inalia kama blenda."

"Garissa kuna kilima gani?"

"Si ndio maana hujaisikia."

Mama anayetuuzia chai alitupangusia meza kwa hasira. "Nyinyi wawili mnashindana gari ya nani hainywi, na chai yangu mnakunywa tangu alfajiri."

Lakini nikiwa peke yangu nilikuwa nafikiria haya mashindano vizuri. Hizi kampuni zinachukiana, wallahi. Moja ikitoa gari inayokunywa kidogo, nyingine hailali mpaka itoe ya kunywa kidogo zaidi, na sasa wamekuja Wachina na za kuchomeka ukutani kama simu, wale wa zamani wanatoka jasho. Pale sokoni tunalijua hilo jambo. Madalali wawili wakigombania mbuzi mmoja, anayetabasamu ni mwenye mbuzi. Kuna watu huko nchi za baridi, wamevaa makoti meupe, hawajui kama kuna mji unaitwa Garissa, wanagombana usiku na mchana ili mimi, aliyekimbia sura ya umeme, nipite kituo cha mafuta bila kusimama. Mimi huwaombea dua. Wote, hata wale wa kampuni ya shemeji, lakini hao huwa nawaombea mwisho.

Halafu mke wangu akapata mimba, ya kwanza.

Kwetu mimba ya kwanza ina mwenyewe, na mwenyewe ni mama ya msichana. Binti anarudi kwao, anajifungua kwa mikono ya mama yake, anamaliza zile siku arobaini za kutotoka nje huko huko. Lakini daktari alimpima mke wangu, akaona presha yake inapanda, akamwambia asikae mbali na hospitali kubwa. Hospitali kubwa iko Garissa. Mama yake yuko Modogashe. Mke wangu akampigia, akaweka sauti nje, mimi nikajificha mlangoni nikisikiliza.

"Hooyo, njoo wewe," alimwambia mama yake. "Kaa na mimi arobaini yote hapa."

"Nije na nini?"

"Mume wangu atakuletea gari."

 Nilijua vitunguu vinapita kichwani mwake.

"Hiyo gari yake mpya," mama akasema, "nimesikia inajizima barabarani."

"Hooyo, imeumbwa hivyo."

"Hata maiti ameumbwa hivyo." Akafikiria. "Sikiliza. Nitapanda. Ikinifikisha, nitakaa Garissa mpaka arobaini iishe. Ikifa njiani, nitapanda lori lolote, nitafika kwako, na nitakuchukua uje uzalie kwangu kama wenzako wote. Umesikia?"

Mke wangu alisikia. Alikata simu akanitazama, na hakucheka, na yeye ni mtu ananicheka hata nikilala. "Warya," akaniambia, yaani wewe mwanamume, "mimi nataka mama yangu, na nataka daktari. Usinichagulishe." Basi. Niliosha gari siku hiyo mpaka rangi ikaogopa.

Shemeji aliposikia, akasema mama ni wake na gari itakayomleta ni yake. Mimi nikasema mama alitaja gari yangu. Mwisho tukaenda wote wawili, magari mawili kimya yakifuatana kwenda Modogashe kama wezi.

Mama mkwe alitoka nje ya boma akayaangalia magari jinsi anavyoangalia ngamia sokoni. Alizunguka. Akapiga bodi kwa kiganja. Akainama kuangalia chini, kama kuna kitu kinavuja. Mimi nilisimama kando nikiangalia ardhi, maana kwetu humtazami mama mkwe machoni, huli mbele yake, huongei ovyo mbele yake, mkikutana njiani unampisha. Si woga, ni heshima, ingawa kwangu hivyo viwili vilikuwa vimechanganyika zamani. Kwa hivyo aliuliza maswali kupitia kwa mwanawe.

"Ipi inakunywa kidogo?"

"Yangu," shemeji akasema.

"Muulize na yule."

"Yeye atasema yake."

"Basi mmoja wenu ni mwongo. Zikifika Garissa zinakunywa tena?"

"Hapana, hooyo. Inaenda na kurudi na mafuta bado yanabaki."

 Nikaona miguu yake ikija upande wa gari yangu, nikaona mkono wake ukifungua mlango wa nyuma.

"Wewe mwanangu nakujua," akamwambia shemeji. "Ngamia unayemjua humpimi. Beba mbuzi."

Kulikuwa na mbuzi, dume mnene, wa kuchinjwa mtoto akizaliwa. Kwa hivyo yeye alibeba mbuzi na mimi nikabeba mama. Mashindano ya makampuni, kwa maoni yangu, yaliishia pale.

Mama alipanda na mali yake: mkeka umekunjwa, blanketi zito, jerikeni ya manjano ya maziwa ya ngamia, na akajipanga kiti cha nyuma upande wa kulia na shuka lake kubwa la mabega. Mimi nikakaa mbele, nikainua kioo cha ndani kiangalie dari, nisije nikakutana na macho yake kwa bahati mbaya. Nilijiona mtu wa adabu sana. Hicho kioo ndicho kilitaka kunimaliza.

Kitu ambacho hakuna kampuni ilifikiria, kwa sababu hawana wakwe kama wetu, ni ukimya. Kwa pikapu ungeweza kumbeba mama mkwe hadi Liboi, kule mpakani, na usisikie kama yupo. Ndani ya hii gari nilisikia tasbihi yake, punje kwa punje. Nilisikia maziwa yakicheza ndani ya jerikeni. Kwenye lami tupu injini inaamka, lakini hata ikiamka inanong'ona, na tukifika penye mchepuko wa vumbi, mwendo ukishuka, inazima kabisa. Na mimi Modogashe nilikuwa nimekula maharage. Kwenye mchepuko wa kwanza tumbo langu likanguruma, refu, na mwisho wake na swali. Tasbihi ikasimama. Nikakohoa. Tasbihi ikaendelea. Nilimwomba Mungu anipe kelele ya pikapu japo dakika moja.

Tulifika kizuizi cha polisi jua likiwa kichwani. Shemeji alikuwa mbele yetu, afande akachungulia ndani ya gari yake, mbuzi akamlilia usoni, akaruhusiwa haraka. Akatoa mkono dirishani kunipungia, akapotea na majivuno yake. Afande akaja kwangu, kijana mgeni, bado hajachomwa na jua vizuri.

"Kitambulisho. Na cha mama."

Nikampa. Akasoma, akarudisha.

"Haya washa gari uende."

"Iko on, afande."

"Nimesema washa."

"Imewaka. Ni vile haingurumi."

Akaweka sikio kwa boneti. Mtu na bunduki, ameinama anasikiliza gari kama daktari. "Hii imezima," akasema. "Unanichezea?"

"Haki ya Mungu sichezi. Simama kando kidogo."

Hakusimama kando. Nikaachilia breki, gari ikasogea, akaruka nyuma akashika kofia. Kutoka kiti cha nyuma nikasikia kitu. Ilikuwa kama kikohozi, lakini kikohozi hakina furaha ndani. Nilijiambia nimekosea, mama mkwe hacheki.

Hatujaenda mbali, nikasikia kingine. Feni. Kulikuwa na feni inavuma huko nyuma, kwanza pole pole, halafu kama mtu amekasirishwa. Nilijua ni nini. Gari zangu nazisoma kwa mateso. Ile betri kubwa ya haibridi inakaa chini ya kiti cha nyuma, na inapumua. Ina tundu la hewa pembeni ya kiti, lenye meno kama ya kitana, hapo inavuta hewa baridi kutoka ndani ya gari. Ni pua yake. Nikainua shingo, nikashusha kile kioo cha ndani kidogo sana, nikaangalia kwa jicho moja, kiti tu, si uso. Blanketi lilikuwa limebanwa kwa hilo tundu, juu yake mkeka, juu ya mkeka shuka la mabega, na juu ya yote kiwiko cha mama mkwe. Gari yangu ilikuwa imezibwa pua na mtu wa pekee duniani ambaye siwezi kumwambia asogee.

Halafu taa ya manjano ikawaka kwa dashibodi.

Sasa angalia mahali nilikuwa. Nikisimama, gari imekufa njiani, mama anapanda lori, mke wangu anaenda Modogashe na presha yake. Nisiposimama, betri inapikika, inakufa kweli, na mke wangu anaenda Modogashe na presha yake. Na njia ya tatu ilikuwa ni kugeuka na kumwambia mama mkwe, tafadhali toa kiwiko. Nilijaribu. Nilifungua mdomo, ikatoka "Ee," nikafunga.

Simu ilikuwa bado inashika mtandao kwa sababu ya mnara wa pale kizuizini. Nikapunguza mwendo mpaka wa punda, nikampigia mke wangu.

"Mbona unanong'ona?" akauliza. "Mama amelala?"

"Hajalala."

"Basi mpe simu."

"Siwezi. Nisikilize. Mwambie mama yako amefunika pua ya gari."

"Pua?"

"Ile ya betri, pembeni ya kiti. Ameweka blanketi. Mwambie asogeze, lakini kwa adabu, usiseme ni mimi."

"Nani mwingine anaweza kuwa amesema? Nyinyi ni wawili ndani ya gari." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikaogopa mtoto atatokea hapo hapo, bila mama na bila daktari. Akakata.

Huko nyuma simu ya mama mkwe ikalia. Ni ile ya kubonyeza, ya sauti ya kuamsha kijiji.

"Hooyo," nikasikia mke wangu akisema, kila neno, kama ameketi katikati yetu. "Gari ina pua..."

"Nimesikia," mama akasema. "Nimemsikia tangu alipoanza kukunong'oneza. Hii gari haina kelele, anafikiri mimi ni kiziwi? Mwambie mume wako ngamia akizibwa pua anakufa, hilo hata mtoto anajua. Kwa nini hakusema tukiwa Modogashe?"

Simu yangu ikaita.

"Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ilikuwa heshima."

Simu ya nyuma ikaita. Nilikuwa nimeshamsikia kabla hajapokea, kwa sababu aliongea na hewa: "Mwambie heshima haiendeshi gari." Halafu akapokea, akasema tena, ili ifike kwa njia inayofaa.

Nikasikia blanketi likivutwa. Nikasikia mkeka ukianguka. Feni ikaendelea kuvuma. Taa ya manjano haikuzima.

"Muulize," mama akasema kwa simu, na sauti sasa haikuwa ya utani. "Imekufa?"

Mke wangu hakucheka tena. Alinipigia, akaniuliza lile neno moja tu, na nilijua hapo hatuongei habari ya gari.

"Haijafa," nikasema. "Imeshikwa na joto. Ikipata hewa inapona. Lakini lazima nisimame, na nikisimama mama yako atasema imekufa."

Safari hii simu ya nyuma haikuita. Tasbihi ikapita punje kadhaa. Halafu mama akasema, kwa hewa ya gari, bila simu yoyote:

"Hata ngamia wa kwanza sokoni hupumzishwa. Kupumzika si kufa. Asimame."

Nikasimama chini ya mgunga. Nikaacha kiyoyozi kinavuma, nikatoka, nikaenda kusimama mbali nikitazama upande wa Wajir, kama mtu anangoja basi. Nilipogeuza shingo kidogo nikaona kitu sitakisahau. Mama mkwe amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, amepata kipande cha katoni, anaipepea ile pua ya gari kama anawasha jiko la makaa. Anapepea na anasoma bismillahi. Mama ambaye alisema gari zangu zote hufa, anaipa gari yangu pumzi kwa mkono wake.

Alipochoka akagonga bodi mara moja kwa kiganja, ile ya kumwambia ngamia ainuke. Nikarudi. Taa ilikuwa imezima. Nikaweka gia, nikakanyaga, tukaondoka bila sauti.

Baada ya hapo hakunyamaza. Alimpigia binti yake na maswali, na binti yake ananipigia mimi. Ikizima inakula nini? Inakula breki. Breki inaliwaje? Mpaka simu ya mke wangu ikaisha chaji, kabla ya betri yangu, na mimi hilo nalihesabu kama ushindi wa kampuni. Tukabaki bila mkalimani. Tukaenda kidogo. Halafu mama akagonga kiti.

"Wewe gari," akasema. "Waliokuunda wamewahi kuona ngamia?"

Nikaijibu dashibodi. "Sidhani wamewahi."

"Basi wamepewa akili na Mungu moja kwa moja. Kuweka chakula mgongoni, kula wakati wa shida, kutokunywa kila kisima. Na yule wa mwanangu, aliundwa na hawa hawa?"

"Hapana," nikauambia usukani. "Ni wengine. Wanashindana."

"Wanashindana nini?"

"Nani atakunywa kidogo."

Akafikiria mpaka tukaanza kuona minara ya Garissa. "Washindane," akasema. "Hayo ni mashindano mazuri. Sisi huku watu wanashindana nani atakunywa zaidi."

Galbet tulimkuta shemeji amesimama langoni, mikono kiunoni, mshindi. Alikuwa amefika zamani. "Kampuni yenu ilipitia wapi?" akaniuliza. "Mecca?"

Mimi nilikuwa naangalia ndani ya gari yake. Mbuzi alikuwa amekula mkanda wa kiti. Alikuwa amejisaidia bila haya. Na pale kwenye tundu la betri, maana gari yake nayo inapumua kama yangu, manyoya yalikuwa yamejaa kama godoro. Wiki iliyofuata feni yake ilivuma mpaka akaenda kwa fundi, na fundi akatoa manyoya ya kushona kofia. Kwa chai siku hiyo hakutaja kampuni ya mtu. Nilimnunulia mandazi. Nilikuwa na huruma, na pia nilitaka kumwona akila kwa aibu.

Mama mkwe alishuka, akamshika binti yake uso kwa mikono miwili, akamtazama tumbo, akaingia ndani. Mkeka wake akautandika chumba cha nyuma.  Halafu nilimsikia akimwambia mke wangu dirishani: "Ilichoka tu. Haikufa."

Siku uchungu ulipoanza ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Niliwaweka wote wawili kiti cha nyuma, nikabonyeza kitufe, mke wangu akashika kiti changu kwa kucha akauliza kama nimewasha au nangoja nini. "Tumeshatoka langoni," mama yake akamwambia. "Pumua." Na alipokuwa anasema pumua, nikaona mkono wake ukivuta shuka lake kutoka kwenye tundu la betri. Sijui alikuwa anamwambia nani. Wote wawili walipumua. Tulifika hospitali, presha ilikuwa juu lakini daktari alikuwa pale, na mchana nikawa baba wa mvulana mwenye sauti ya ile pikapu ya dizeli. Alhamdulillahi. Tumebaki na kitu kimoja chenye kelele nyumbani.

Arobaini imeisha siku nyingi. Mama mkwe hajazungumzia kurudi Modogashe, na mimi sijauliza, nitamuuliza kupitia nani? Simu hatutumii tena. Ana njia mpya. Asubuhi anakaa kwa mkeka, anambeba mtoto, anamgeuza uso upande wangu, na mimi naangalia viatu.

"Mwambie baba yako," anamwambia, "leo ni siku ya chanjo yako. Alete ile gari ya kimya. Na mwambie atoe kwanza hiyo koti yake kiti cha nyuma, amefunika pua."

Mtoto ananitazama. Mimi namjibu yeye, kwa adabu: "Mwambie nyanya yako nimesikia."